Foronya ya Mama Kulwa na Vumbi la Dhahabu

Tangu nistaafu, watu wa mtaa wangu wa Nyahanga wananipa pole. Nikienda kununua sukari, muuza duka ananishika mkono kwa mikono yake miwili kana kwamba nimefiwa. Nilikuwa nawaambia kwamba sijafiwa, nimepumzika, lakini hawanielewi na sasa nimeacha kubishana. Asubuhi nakunywa chai, nafagia uwanja, kisha nakaa mezani kuandika haya. Naandika kwa sababu ninyi vijana wa karakana ya chuo mliniomba, na kwa sababu mke wangu amesema nikiifungua tena redio yake eti naisafisha, nitatafuta pa kulala.

Sitaandika habari za vyeo. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na vingine nilivipata kwa sababu waliokuwa mbele yangu walihama. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za mashine, za watu waliozibuni, na za mama mmoja ambaye nilimtengenezea mashine kwa moyo mweupe, na mashine hiyo ikamharibu kifua. Kama mna haraka, rukeni kurasa za mwanzo mkamsome huyo mama. Lakini fundi mwenye haraka namjua, na skrubu anazopoteza nazijua pia.

Nilianza Shinyanga mjini, kwenye baraza ya duka la vitambaa, kwa Mzee Ramadhani. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa kutengeneza cherehani, mtu mwembamba aliyevaa kanzu iliyotakata hata mikono yake ikiwa imejaa grisi. Mimi nilikuwa nimetoka kulima pamba, mtu mzima mwenye mke, na nilijiona najua vyuma kwa sababu niliwahi kufunga mnyororo wa baiskeli. Siku ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Alinipa cherehani ya mguu iliyokuwa inaruka mishono, akanipa bisibisi mbili na kitambaa, akaenda msikitini. Aliporudi nilikuwa nimeifungua yote. Vipande vilikuwa vimejaa kwenye karai.

Akalitazama karai, kisha akanitazama mimi. "Inaumwa nini?"

"Bado sijajua, mzee."

"Masanja, umempasua mgonjwa kabla ya kumsalimia."

Akaokota sindano kwenye karai, akaniuliza upande wake bapa unatakiwa kutazama wapi. Sikujua hata kama sindano ya cherehani ina upande bapa. Kumbe mwenye mashine alikuwa ameiweka kinyume, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yote. Kuirudisha cherehani ile katika hali yake kulinichukua siku tatu, na mwishoni zilibaki skrubu mbili ambazo nilizificha mfukoni. Mashine ilifanya kazi miaka mingi bila hizo skrubu, na hadi leo sijui waliziweka za nini.

Kwa hiyo anzeni na sindano: imenyooka, imeingia hadi juu, inatazama inakotakiwa? Kisha uzi, kama unalingana na sindano. Kisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kikombe chake. Kisha uchafu unaojibana chini ya meno yanayosukuma kitambaa, maana hapo nimetoa pamba za kujaza mto. Kisha mafuta, tone moja moja, si kumimina kama mnakaanga samaki. Bisibisi ni ya mwisho.

Mzee Ramadhani alikuwa na hadithi za waliobuni cherehani, alizozipata kwa mwenye duka la vitambaa na kwenye magazeti ya zamani yaliyofungiwa bidhaa. Majina yao hakuwahi kuyataja. Alisema yanamchosha ulimi. Alikuwa na Mfaransa, Aliyenyamaza, na Yule wa Sindano. Mfaransa alikuwa fundi nguo maskini aliyetengeneza mashine za mbao kwa sehemu kubwa, nazo zikaanza kushona sare za askari. Mafundi nguo wenzake waliona wanakwenda kufa njaa, wakavamia karakana wakazivunja. Alikufa maskini vilevile. Aliyenyamaza alikuwa Mmarekani. Alibuni sindano yenye tundu kwenye ncha na nyuzi mbili zinazofungana, kisha akaiacha kazi ile, na inasemekana binti yake ndiye aliyemwambia kwamba itawanyang'anya kazi akina mama washonaji. Yule wa Sindano alikuja baadaye na wazo hilohilo, akalisimamia mpaka mahakamani. Wapo wanaosimulia kwamba tundu lile aliliona ndotoni. Mzee Ramadhani hakukubali. "Fundi haoti," alisema. "Fundi analala kwa uchovu."

Mafundi nguo wa barazani walikuwa wakibishana juu ya Mfaransa kama mechi ya jana. Mmoja alisema hata yeye angezivunja mashine zile. Mzee Ramadhani akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi nisingevunja. Ningengoja ziharibike, waniletee."

Nilikaa naye miaka sita. Alipofariki, mwanawe alinipa koleo lake dogo la kushikia sindano, nami nikaenda Geita kutafuta kazi kama kila mtu alivyokuwa akifanya. Sikwenda kuchimba. Nafasi niliyoipata ilikuwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi mmoja mkubwa, upande wa malazi na kufulia. Kulikuwa na cherehani nne za umeme za kushonea mashuka na sare, na mashine za kuvuta vumbi zaidi ya ishirini, kwa sababu vumbi la huko linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Mashine ya kuvuta vumbi nilikuwa sijawahi kuiona. Siku ya kwanza niliiwasha nikiwa nimeushika mfuko wake mkononi badala ya kuufunga mahali pake, na mhudumu aliyekuwa ametoka kutandika vitanda vitatu akanitukana kwa Kisukuma, matusi ambayo nilikuwa sijayasikia tangu nichunge ng'ombe.

Kwenye kabati la karakana nilikuta kitabu cha mafunzo cha Kiingereza, kurasa zake za mwanzo zikieleza historia ya mashine hizo. Nilizisoma na kamusi pembeni, wiki nzima. Humo nikapata wazee wangu wengine wawili, nao nikawaita kwa mtindo wa Mzee Ramadhani. Yule wa Leso alikuwa Mwingereza. Aliona mashine iliyosafisha kwa kupuliza vumbi, akauliza kwa nini isivute. Akaenda kwenye hoteli ya chakula, akatandaza leso juu ya kiti, akaweka mdomo akavuta. Nusura apaliwe, lakini leso aliyoigeuza ilikuwa nyeusi, akajua anachokitafuta kipo. Mashine yake ya kwanza ilikuwa kubwa mno, ikikokotwa na farasi na kuegeshwa nje, mabomba yakipitishwa madirishani.

Wa pili nilimwita Mfagiaji, na huyo ndiye niliyempenda. Alikuwa Mmarekani, mzee mwenye pumu, anasafisha duka kubwa, na kila akifagia mazulia kifua kinambana. Akachukua mota ya feni, sanduku, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaunganisha. Mashine zote za kambini zilikuwa wajukuu wa foronya ile. Mtu anaumwa kifua, anatazama vitu vilivyomo nyumbani, anajitengenezea dawa. Niliona huo ndio ufundi hasa, na nilitamani nami siku moja nifanye hivyo.

Kambini pale alikuwapo Mama Kulwa, mshonaji wetu. Alinizidi miaka michache, ila shikamoo yangu hakuitaka. "Shikamoo kampe bibi yako," alikuwa akisema, kisha ananikaribisha chai. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na alishona akiimba, kiasi kwamba nilijua cherehani yake imekwama pale wimbo ulipokatika. Kila mashine niliyomtengenezea aliipiga piga kidogo kwanza, kama anamkagua ng'ombe mnadani, ndipo ananiambia wabeja, yaani asante.

Baada ya miaka kadhaa aliacha kazi akanunua karasha. Kwa wasioijua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji wadogo wanatoa mawe kwenye maduara yao, yaani mashimo, wanayaleta yasagwe yawe unga, kisha unga unapelekwa mwaloni, yaani pale dhahabu inapotenganishwa kwa kuoshwa na maji. Mama Kulwa aliajiri wanawake wawili, na yeye mwenyewe hakukaa kitini. Alilisha mawe, alizoa unga, alifagia. Akiwa kazini pale, nywele, nyusi na kope zake zote zilikuwa na rangi moja.

Jumapili moja alikuja kwangu kutoka kanisani, akakaa, akakohoa kwanza ndipo akazungumza. "Fundi, kwaya nimeiacha. Nikivuta pumzi ya kuimba, kikohozi kinatangulia. Wamenipima kifua kikuu hawakukiona. Ni lile vumbi. Wewe una mashine za kuvuta vumbi za Wazungu kule. Huwezi kunitengenezea moja?"

Moyo wangu ulifurahi, nakiri. Nilimwonea huruma kweli, lakini furaha ilitangulia. Nilinunua mashine mbovu kwenye mnada wa vitu chakavu, nikaifunga mota upya, nikabadilisha brashi zake za kaboni, nikaunga bomba pana na mdomo wa bati utakaokaa pale karasha inapotemea unga. Mfuko wa mashine ulikuwa umeoza, kwa hiyo Mama Kulwa mwenyewe akashona mwingine kwa foronya mbili nene, moja ndani ya nyingine, mishono miwili miwili. Alipoleta foronya zile nilicheka peke yangu. Nilijiona ndugu yake Mfagiaji.

Siku ya kuifunga niliiwasha mbele ya watu. Wingu lililozoea kusimama juu ya karasha likainama, likaingia bombani. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Kulwa aliipiga piga mashine, akasema wabeja sana, nami nikamwambia nitapita wiki ijayo kuitazama.

Sikupita. Wiki hiyo tulipokea mashine mpya za kufulia. Iliyofuata sikumbuki tulipokea nini. Alinitumia jogoo kwa shukrani, tukamla. Kambini nilisimulia habari ya foronya mpaka watu wakawa wananikwepa. Hakuna aliyeniletea malalamiko, na fundi asipoletewa malalamiko hudhani mashine inafanya kazi. Ikapita miezi minane.

Kilichonipeleka ni msiba wa jirani yake. Baada ya mazishi nikasema niende nimsalimie. Ilikuwa mchana wa jua kali. Karasha haikuwa tena nje chini ya turubai nilipoiacha. Ilikuwa ndani ya chumba cha matofali, mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa viroba. Nilipiga hodi.

"Subiri, usifungue!" sauti ya Mama Kulwa ikaita. "Upepo!"

Nilisubiri, kisha nikafungua hivyo hivyo. Humo ndani mashine yangu ilikuwa inanguruma, na Mama Kulwa na mwenzake wameshika foronya nyingine iliyojaa, kila mmoja pembe zake, wanaikung'uta juu ya turubai. Jua lililoingia nyuma yangu lilionyesha hewa yote ya chumba. Sikuuona ukuta wa pili.

"Mayu," nikamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "mnafanya nini?"

"Funga kwanza mlango, fundi. Huu mfuko wako una baraka. Vumbi lake tukiliosha linatoa dhahabu, tena ile laini iliyokuwa inatupotea siku zote. Nje hatukung'uti. Upepo wa hapa mwizi."

Alitaka kuendelea, kikohozi kikamzuia. Alishika ukuta kwa mkono mmoja akainama muda mrefu. Alikuwa amekonda, na mimi nilikuwa sijaambiwa.

Sasa muelewe kilichotokea, maana makosa ya namna hii hayapo katika kitabu chochote cha Kiingereza. Kule kwa Mfagiaji vumbi ni taka. Mfuko ukijaa, unamwaga nje na kusahau. Kwetu vumbi ni mali. Nani atamwaga mali kwenye upepo? Mama Kulwa alifanya ambacho angefanya kila mwenye akili wa pale: alifunga mlango ili kisipotee kitu. Mimi Msukuma niliyekaa Geita miaka yote hiyo, niliyewaona wanaofagia sakafu za maduka ya dhahabu na kuosha mafagio, sikufikiri juu ya jambo hilo hata mara moja.

Na kulikuwa na jingine. Nilitoa leso yangu, nikailowesha, nikaifunga nyuma ya mashine pale hewa inapotokea baada ya kupita mfukoni. Tukaiacha kidogo. Nilipoifungua ilikuwa ya kijivu katikati. Foronya mbili nene zilikamata vumbi linaloonekana, na lile laini kabisa, ambalo jicho halilioni na kifua hakiwezi kulizuia, zililipitisha likarudi chumbani. Nikamwonyesha leso. Aliishika, akaisugua kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimekula dhahabu," akasema.

"Si dhahabu, mayu. Ni jiwe."

Mwenzake alicheka kidogo. Mimi nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tena. Nikafanya wafanyavyo watu wenye aibu, nikapandisha sauti. "Mbona hukuniambia kikohozi kimezidi?"

"Ningekuambia nini? Mashine ilikuwa inavuta. Nikajua ubovu uko kwenye kifua changu."

Jioni ile niliizima mashine, na kesho yake niliomba ruhusa kazini nikarudi na ndoo kubwa yenye mfuniko, mabomba na kichujio kipya. Siku hizi mnajifunza jambo hili darasani, mimi nilijifunza kwa pumzi za mwenzangu: vumbi la mawe hukamatwa na maji. Tulirudisha karasha nje, tukaweka mrija wa maji unaodondoka pale mawe yanapoingia, na bomba la kuvutia likawa linapita kwanza kwenye maji ya ndoo. Hakuna tena kukung'uta. Tope la ndoo lilipelekwa mwaloni lilivyo, na dhahabu laini ilibaki ndani ya tope. Hakuna kilichopotea, maana tangu mwanzo walikuwa wanaosha kwa maji. Maji yalikuwapo siku zote, mapipa mawili, hatua kumi kutoka mlangoni.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari wa kifua alitazama picha, akatueleza kwa upole kwamba unga wa jiwe ukishaingia hautoki. Kinachowezekana ni kutoongeza mwingine. Mama Kulwa alimuuliza kama ataimba. Daktari akasema ataongea vizuri. Aliuza karasha pamoja na ndoo yake, na mnunuzi nilimfundisha mwenyewe, mara tatu, mpaka akaniuliza kama nataka kuishi naye.

Baadaye nilihamia Kahama kufundisha ufundi kwenye chuo chenu, na mengine mnayajua. Mnajua pia zile safari zangu mlizozicheka, za kwenda kuitazama kila mashine mwezi mmoja baada ya kuitoa karakana. Dereva alizichukia. Ila mtakumbuka Nkome, kule ziwani, tulipotoa cherehani kwa kikundi cha akina mama tukaikuta imefungwa juu ya meza iliyo katikati ya vichanja vya dagaa, magamba yamejaa hadi kwenye bobini, na mwenyekiti wao analalamika kwamba chuo kinatoa mashine mbovu. Tulihamisha meza hatua ishirini. Hakuna skrubu iliyoguswa siku ile. Chato tulimkuta bwana mmoja ameifanya mota ya cherehani kuwa ya kunolea visu, inafanya kazi vizuri sana, na tulimwacha.

Mama Kulwa alirudi kwenye ushonaji. Kukanyaga pedali kulimchosha, nikamfungia mota ndogo. Anashona mshono mmoja, anapumzika, anashona mwingine. Haimbi. Nikiwa karibu naye nasikia mashine tu.

Siku mliyoniaga alikuja kwa basi kutoka Geita. Mlimwona, mama wa kitenge cha bluu aliyesimama kupumzika kwenye ngazi tatu za ukumbi. Mkuu wa chuo alipouliza kama kuna mgeni mwenye neno, alinyoosha mkono. Nilijua atanisifu, nikaandaa uso wa kusifiwa. Alizungumza vipande vipande, akivuta pumzi katikati, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kinakoroma wengi wenu hamkusikia. Basi nawaandikia alichosema, kwa sababu aliniangalia mimi aliposema.

"Huyu ni fundi mzuri. Alinitengenezea mashine. Akiwaandikia habari zake, asiisingizie mashine kwamba ilikuwa mbaya. Mashine ilikuwa inavuta. Awaambie tu kwamba alikaa miezi minane bila kuja kuniona."

Akaketi. Waliokaa mbele walipiga makofi kidogo wakaacha. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili, nikaikunja nikasema asanteni.

Ni kweli, ilikuwa miezi minane. Kutoka kambini hadi kwenye karasha yake ni nusu saa kwa pikipiki, na pikipiki nilikuwa nayo.